Mluzi Kwenye Injini ya Kushoto

Siku ndege mpya ya tano ilipomuua mpakia mizigo, kikao cha mkataba wa marubani kilikuwa kimefika kwenye kifungu cha sare, na wakili wa kampuni alikuwa anaeleza kwa nini marubani wajinunulie viatu wenyewe. Nje ya dirisha, kwenye maegesho, ndege ilijivuta taratibu ikazipanda kabari zilizozuia magurudumu yake. Ikamkandamiza yule mtu kwenye toroli la mizigo kwa gurudumu la mbele, ikarudi nyuma kidogo ili ione vizuri, halafu ikamkandamiza tena. Wakili alinyanyuka akateremsha pazia.

"Tuendelee," akasema. "Tulikuwa kwenye viatu."

Kapteni, mwenyekiti wa chama cha marubani, alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyeanza kuota mvi kwa mbele. Aliomba wasimame kidogo kumkumbuka marehemu. Wakasimama, na Mkurugenzi akasimama nao, mikono mbele, kichwa chini, kwa adabu zote. Walipoketi, kifungu cha viatu kilipita bila kupingwa. Nani angekuwa na nguvu ya kugombania viatu wakati kule chini watu wanamwaga mchanga kwenye damu?

Kampuni ilikuwa imenunua ndege sita kwa mpigo, na sita nyingine zilikuwa kiwandani zikipakwa rangi. Mkurugenzi alishatangaza miji mipya watakayorukia, na picha yake akiwa ameshika ndege ya plastiki ilibandikwa kila ukuta. Jambo moja tu lilimponyoka. Ndege hazijirushi, na marubani aliokuwa nao walizitosha zile za zamani kwa shida. Wengine walishahamia kwenye makampuni ambako mtu anaruhusiwa kulala. Basi Mkurugenzi akaona dawa ni nyepesi, marubani walewale warushe mara mbili. Kilichomzuia kilikuwa kifungu kimoja cha mkataba wa zamani, kwamba rubani akitoka safari ya usiku anapumzika siku nzima kabla ya kushika tena usukani.

Kapteni alikuwa tayari kuuza viatu, kofia, hata posho ya chakula. Kifungu kile cha mapumziko hakuwa tayari kukiuza. Mwaka uliopita mwenzake mmoja na rubani msaidizi wake walisinzia pamoja wakati wa kutua, na ndege ikaupita uwanja ikaingia kwenye ukuta wa ghala. Kapteni alikuwa kati ya waliokwenda kuwatoa. Alimvuta mwenzake kwa mabega, yakaja mabega tu. Taarifa ya kampuni ilisema ni ukungu, na asubuhi ile jua lilikuwa linachoma visogo.

Ndege mpya hazikujua habari za vifungu. Zilijua kwamba ziliundwa kuruka na kwamba zilikuwa zimefungwa chini, zikitazama ukuta, wiki baada ya wiki. Kitu chenye nguvu kikikaa bila kazi kinaharibika tabia, na ndege ni hivyo hivyo. Ya kwanza ilianza kwa kukunja ngazi. Ya pili ikamvunja mlinzi mguu. Alfajiri zilikuwa zinagombana zenyewe kwa zenyewe, mabawa yanagongana na mafuta yanamwagika, mpaka wazimamoto walipozitenganisha kwa mipira ya maji. Kampuni ikaweka minyororo, na ubao ulioandikwa kwamba wafanyakazi wazingatie usalama wao. Kila aliyekufa alikutwa na kosa la kutousoma ubao.

Aliyezimudu kidogo alikuwa Nati, mdogo wake Kapteni, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa fundi wa injini, na jina hilo alilipata utotoni kwa sababu mifuko yake haikukosa nati na skrubu. Alizikaribia ndege kutoka ubavuni, polepole, kiganja wazi, akipiga mluzi zipate kumsikia. Wimbo wenyewe ulikuwa mmoja tu, wa tangazo la sabuni, na kila mara aliukosea palepale, mwishoni. Sauti ilitakiwa ipande, yeye akaishusha. Dada yake alimsahihisha miaka na miaka mpaka akachoka. Ndege ya tatu iliupenda mluzi ule. Ilikuwa inatuliza mabawa ikimsikia, na ilipomng'ata vidole viwili kwa mlango wa gurudumu, Nati alisema haikukusudia.

Jumapili mchana alikuja na mkewe kula kwa dada yake. Mkono wenye kitambaa aliuficha chini ya meza kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Dada, mtasaini lini?"

"Wakiuacha usingizi wetu."

"Ya tatu jana imenila kofia. Leo kofia, kesho sijui itataka nini." Alicheka peke yake.

"Wifi," mkewe akamwambia Kapteni, "mimi hayo mambo ya vifungu siyajui. Najua huyu anatoka asubuhi na vidole, jioni anarudi hana."

"Nikisaini nitakuja kuzika abiria mia, wifi yangu. Nilishaona."

"Abiria siwajui. Namjua huyu."

"Saini bwana, dada," Nati akasema. "Mtalala mkistaafu."

Kapteni alikasirika, akaitua sahani kwa kishindo. "Na wewe acha kazi basi."

"Nikiacha watamleta mtu asiyezijua, atakufa siku ya kwanza. Unataka hivyo?"

Hakutaka hivyo. Walimaliza kula. Mlangoni Nati alimpigia ule mluzi makusudi, kumtania, akakosea palepale, na Kapteni akamsukuma nje akiwa amenuna. Kununa kwenyewe kulikuwa kwa uongo, na wote wawili walilijua hilo.

Vikao vilipangwa asubuhi, na kila mara, kwa bahati ambayo haikumshangaza mtu, vilikuta Kapteni ametoka safari ya usiku. Wakili naye hakuwa mjinga. Wiki ile aliomba akae kwenye kiti cha nyuma cha chumba cha marubani, eti aijue kazi yao. Akaona namna wanavyokagua ndege kabla ya kuruka. Mmoja anasoma kutoka kwenye karatasi, breki, mafuta, milango, na mwingine anatupa jicho na kujibu, "Tayari." Sauti haipandi wala haishuki. Kapteni alikuwa amejibu hivyo tangu ujana wake. Mama yake mzazi aliwahi kumsikia akijibu "tayari" usingizini, tena mara nyingi mfululizo, mpaka akamfunika shuka na kumwombea.

Asubuhi iliyofuata Kapteni aliingia kikaoni moja kwa moja kutoka uwanjani, begi bado liko begani. Wakili safari hii hakueleza lolote. Alisimama na karatasi yake, akasoma.

"Sare."

"Tayari," akasema Kapteni.

"Kofia."

"Tayari."

"Bima ya mizigo."

"Tayari."

"Posho ya chakula."

"Tayari."

"Mapumziko baada ya safari ya usiku, nusu."

"Tayari."

Neno lilishatoka ndipo akalisikia. Naibu wake, rubani mnene aliyekuwa amekaa kushoto kwake, aliweka kalamu mezani na kuanza kuyatazama magoti yake. Kanuni ya kikao ilisema neno la mwenyekiti likishatamkwa halirudi, na kanuni hiyo waliidai marubani wenyewe enzi hizo, kwa majivuno, kwamba neno la kapteni ni neno la kapteni.

"Nilikuwa nimelala," Kapteni akasema.

"Macho yalikuwa wazi," Wakili akajibu, na hilo lilikuwa kweli.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini chini ya aibu kulikuwa na nafuu, na nafuu hiyo ilimwumiza kuliko aibu yenyewe. Nati angepona. Wote waliokuwa mle walijua ndege zingetulia pindi mkataba ukipigwa muhuri. "Kama ni hivyo, tusaini sasa hivi," akasema. "Leteni muhuri."

Mkurugenzi alitabasamu kwa upole. Waandishi wa habari walialikwa mchana, baada ya chakula. Kitambaa cha kutundika kilikuwa bado kinashonwa. "Saa chache tu, Kapteni. Zimengoja miezi."

Kapteni alitoka ukumbini akampigia simu mdogo wake. "Usikanyage maegesho mpaka tusaini. Umenisikia?"

"Niko huku huku, dada. Wametuambia tuzioshe kwa ajili ya picha."

Simu aliiacha kwenye ngazi. Alipofika nje alimwona kwa mbali, yuko juu ya kipandio mbele ya injini ya kushoto ya ndege ya tatu, tambara mkononi, ndoo ya povu miguuni. Anapiga mluzi. Ndege nayo imelegeza mabawa, inasikiliza. Kapteni alikimbia akiita jina lake la utotoni, na huenda sauti yake ndiyo iliyoigutusha ndege, au huenda ilikuwa imechoka tu kungoja kama ilivyochoka siku zote. Injini iliwaka yenyewe. Mluzi ulifika pale pa kukosea, na Nati akaingia ndani nao.

Haikuchukua muda. Kulitokea mshindo wa kitu kigumu, wa mifupa au wa spana aliyokuwa nayo mfukoni. Halafu upande wa nyuma ukatoka wingu jekundu lililotua kwenye mkia mweupe, kwenye sakafu, na kwenye uso wa Kapteni. Injini ikazima. Kwenye kipandio kilibaki kiatu kimoja, na povu kwenye ndoo lilikuwa halijatulia. Mafundi wenzake walisimama wakiwa na matambara yao. Mmoja alimwendea Kapteni akampa lake ajifute, na yeye akajifuta.

Alirudi ukumbini. Wakili alikuwa anapanga viti vya waandishi. Kapteni alimwambia analirudisha lile neno lake, na Wakili akaanza kumkumbusha kanuni. Kapteni alichukua jagi la maji, la kioo, zito, akampiga nalo mdomoni. Alimpiga tena alipokuwa anaanguka, na alipokuwa chini akamkanyaga vidole vya mkono wa kuandikia, kimoja baada ya kingine, mpaka marubani wenzake walipomshika. Wakili aliinuka kwa kujishika meza. Akatema jino kwenye kiganja, akalitia mfukoni mwa koti, na kuendelea kuhesabu viti.

Mkataba ulisainiwa na naibu, kwa sababu mwenyekiti alikuwa bado ameshikwa. Muhuri ulipogonga karatasi, ndege zote sita kule nje ziliteremsha pua na kutulia. Waandishi walipiga picha. Doa kwenye mkia wa ndege ya tatu halikutoka kwa sabuni wala kwa dawa, kwa hiyo zile tano nyingine zilipakwa mstari mwekundu zifanane nayo. Watu walisema kampuni imependeza.

Walikizika kiatu. Wifi hakulia mbele za watu. Wakirudi kutoka makaburini alimshika Kapteni mkono, akaubana mpaka kucha zikaingia.

"Mle kaburini hamna mtu," akasema. "Yuko kwenye ile ndege. Na wewe ndiye unayejua kuingia."

Ratiba mpya ilipotoka, Kapteni alipewa ndege ya tatu. Angeweza kukataa akafukuzwa, na wenzake wengi walidhani angekataa. Alikwenda maegeshoni na spana ndefu ya karakana. Aliipiga ndege kwenye pua, akaipiga kwenye mlango wa gurudumu uliokula vidole, akaupiga mdomo wa ile injini mpaka mikono ikachubuka na damu ikateleza kwenye chuma. Alilia huku anapiga, kwa sauti, kama alivyolia utotoni. Mafundi walimtazama wakiwa na vikombe vya chai. Ndege ilisimama kimya ikapigwa. Alipoishiwa nguvu aliiegemeza spana ukutani, akanawa mikono, akapanda, akakaa kwenye kiti cha kushoto.

"Breki," rubani msaidizi akasoma.

"Tayari."

Ilikuwa ndege nzuri, na hilo nalo lilimwuma. Iliitika kila alipoigusa, iliruka bila kutikisika, na abiria walishuka wakisifu. Alitamani iwe mbaya, apate kuichukia kwa raha zake.

Usingizi ulianza kuwachukua kabla mwezi haujaisha. Kapteni alijichoma na pini ya beji kwenye paja mpaka suruali ikawa na vitobo. Rubani msaidizi, kijana aliyeoa juzi tu, alitafuna pilipili mbichi. Havikusaidia kitu. Siku moja wakirudi, jua ndiyo kwanza linachomoza na uwanja unaonekana mbele, videvu vyao vililala kifuani kwa pamoja. Ndege ikaanza kushuka vibaya, kuelekea paa za nyumba.

Kwenye injini ya kushoto mtu alipiga mluzi. Wimbo wa sabuni. Ukapanda, ukazunguka, na mwishoni, mahali pa kupanda, ukashuka. Kapteni aliamka kwa hasira ya miaka yote ile, akitaka kusahihisha, akakuta paa ziko karibu kiasi cha kuhesabu misumari. Akaivuta ndege juu. Walitua salama. Abiria mmoja alilalamika kwamba chai yake ilimwagika.

Aliripoti, kwa sababu rubani huripoti kila mlio asioujua, hata anaoujua. Mafundi waliifungua injini ya kushoto wakaichunguza chuma kwa chuma. Hawakukuta kitu. Wakapima mlio wenyewe kwenye kinasa sauti cha ndege, wakaandika kwamba uko ndani ya viwango vinavyokubalika, wakafunga. Yule aliyempa tambara siku ile alikuwa wa mwisho kushuka. Alikaa kidogo ameweka kiganja kwenye chuma, halafu akashuka.

Baada ya hapo mluzi ulisikika kila marubani walipolala, na walipokuwa macho haukusikika kamwe. Wifi alipoambiwa alikata tiketi, akaomba kiti cha dirishani, jirani na injini ya kushoto. Ili asikie, ilimpasa Kapteni alale, na kwa ratiba ile haikuwa kazi ngumu. Walipotua wifi alibaki kitini mpaka ndege ikawa tupu. Kapteni alitoka chumba cha marubani akakaa kando yake.

"Bado anakosea," wifi akasema.

"Nimemwambia tangu mdogo."

Wakashikana mikono wakakaa hivyo mpaka wasafishaji walipowaomba wapishe.

Ndege sita nyingine zilipokaribia kutoka kiwandani, kampuni iliitisha kikao kipya. Mkurugenzi alikuwa ameisoma ripoti ya Kapteni kwa makini, tena aliipigia mistari. Alimpa pole kwa mara nyingine. Halafu akasema kwamba, kwa kuwa imethibitika ndege ya tatu inamwamsha rubani yenyewe, kampuni haioni tena sababu ya rubani wa ndege hiyo kupumzika chini kwa gharama ya kampuni. Mapumziko yaondolewe. Kilichobaki ni zile ndege nyingine.

"Hakuna namna ya kuzifungia nazo kitu kama hicho?" akauliza.

Wakili, ambaye sasa alikuwa na jino la dhahabu na vidole vilivyopona vikiwa vimepinda, alinyanyuka akapandisha pazia. Chini, kwenye maegesho, mafundi walikuwa wanapita na ndoo zao kati ya ndege, na ndege zimetulia, pua chini.

"Mafundi tunao," akasema.

Kapteni alikuwa amejiandaa. Tangu alfajiri alikuwa amejifunga mdomo kwa skafu ya sare, mafundo mawili kisogoni, na juu yake ameweka viganja vyote viwili. Wakili alimtazama, akageukia marubani wengine waliojaa ukumbini, wote wametoka safari za usiku, macho wazi. Akachukua karatasi yake.

"Sare," akasoma.

"Tayari," wakajibu.